Nyasi za chumvi: mali au mtego kwa mnunuzi wa Babati?

MFANYABIASHARA anayeishi Nangara, ndani ya mji wa Babati, amezoea ziwa la maji baridi. Ziwa Babati lipo karibu naye, lina samaki na viboko, na ghadhabu yake inajulikana tangu mafuriko ya 1990 yalipoingia mjini. Kwa hiyo ni rahisi kusahau kwamba mji huu umezungukwa na maziwa ya namna nyingine kabisa. Kaskazini yapo Manyara na Burunge. Magharibi, chini ya Mlima Hanang, lipo Balangida. Haya ni maziwa ya chumvi na magadi, na kandokando ya maziwa ya namna hii, pale ambapo mahindi hayathubutu kuota, hutambaa nyasi fupi na ngumu zilizosukana kama mkeka.

Wataalamu wa mimea huziita Sporobolus spicatus. Sisi katika makala haya tutaziita nyasi za chumvi. Hazina bei gulioni, wala hakuna dalali anayezitangaza. Hata hivyo zimo ndani ya bei ya bidhaa mbili zinazobadilisha mikono kila wiki katika eneo hili, yaani ng'ombe na ardhi. Mnunuzi asiyezijua hulipia asichokiona.

Mmea wenyewe

Maji yanayoingia Ziwa Manyara hayana pa kutokea. Mito huleta madini kutoka kwenye miamba ya volkano, jua huchukua maji, madini hubaki. Kiangazi kikikaza ziwa hurudi nyuma na kuacha uwanda mpana wenye ukoko mweupe. Mimea mingi ikijaribu hapo hufa kwa kiu huku imesimama kwenye tope, kwa sababu chumvi huyashika maji yasiingie kwenye mizizi.

Nyasi za chumvi zimepata njia yao. Majani yake yana tezi ndogo sana zinazotoa nje chumvi iliyozidi, na siku kavu jani huweza kuonekana limepakwa vumbi jeupe. Halafu hazitegemei sana mbegu. Shina hutambaa juu ya ardhi, na kila pingili inayogusa udongo wenye unyevu huota mizizi na kuwa mmea mpya. Mmea mmoja ukipata nafasi huweza kusuka eneo kubwa bila kumwomba mtu msaada. Ncha za majani ni kali, atakayezikalia bila nguo nzito atazikumbuka.

Nyasi hizi si za Babati peke yake. Zipo kando ya ziwa la Magadi lililo ndani ya kreta ya Ngorongoro, zipo Amboseli nchini Kenya, na zinaendelea kupitia Ethiopia na Sudan hadi Uarabuni. Kila zilipo kazi yake kubwa ni moja: kuushika udongo ambao bila hivyo upepo ungeupeperusha kama unga wa magadi kuelekea mashamba ya watu.

Kwa anayenunua ng'ombe

Wafugaji wa eneo hili hawakusubiri kuelezwa thamani ya uwanda wa chumvi. Wabarabaig wamekuwa wakipeleka mifugo kwenye malambo ya chumvi kwa vizazi vingi, na wafugaji wa tambarare za Mbugwe na Magugu wanajua vizuri ni mwezi gani malisho ya kando ya ziwa yanafaa. Nyasi hizi huliwa vizuri zikiwa changa, baada ya mvua au baada ya maji ya ziwa kurudi nyuma na kuacha unyevu. Zikikomaa huwa ngumu, na mnyama huzila kwa kukosa nyingine.

Hapo ndipo hesabu ya mfanyabiashara inapoanzia. Ng'ombe wa kienyeji mwenye kilo 250 anahitaji takriban kilo sita za majani, zikipimwa zikiwa kavu, kwa siku moja. Akipata kiasi hicho lakini majani yakawa na protini chini ya asilimia saba, tumbo halifanyi kazi sawasawa na mwili huanza kupungua. Majani mengi ya nchi zetu hufika chini ya kiwango hicho kiangazi kikikomaa, na nyasi za chumvi zilizozeeka hazina miujiza. Zinamshikilia mnyama asianguke. Hazimnenepeshi. Mfugaji mwenye kumbukumbu huzitumia kama akiba ya mwisho, kabla mvua za vuli hazijaja, na hawezi kuzihesabu kama lishe ya kupelekea mnyama mnadani.

Akiba hiyo ndiyo inayozuia mauzo ya hofu. Majani yanapokwisha kila mahali kwa pamoja, kila mfugaji huleta mnadani wiki ileile, bei ya ng'ombe hushuka, na mahindi anayotaka kununua kwa fedha hiyo hupanda. Ukame wa 2009 ulionyesha jambo hili wazi huko Longido, Monduli na Simanjiro, ambako ng'ombe wengi walikufa kabla hawajapata mnunuzi. Ukame wa 2021 hadi 2022 ulirudia somo lilelile Simanjiro. Kijiji chenye uwanda wa kando ya ziwa hakinusuriki kabisa, lakini hupata wiki kadhaa za ziada. Kwa anayefuata mwenendo wa bei wiki kadhaa ni muda mrefu. Mnunuzi mwenye mtaji anaweza kudhani mauzo ya hofu ni neema kwake, na kwa msimu mmoja ni kweli. Msimu unaofuata hukuta boma tupu na lori lake halina mzigo.

Sasa tuje kwenye mzani, maana hapo ndipo wachuuzi wengi wapya wanapoungua. Mnyama anayelishwa chumvi hunywa maji mengi kuliko kawaida. Hilo ni jambo la maumbile na mfugaji hana kosa. Lakini wapo wauzaji, na kila mnada unao, wanaompa mnyama chumvi ya kutosha, kumnyima maji, kisha kumnywesha muda mfupi kabla ya kuingia uwanjani. Lita moja ya maji ni kilo moja, na mzani haujui tofauti ya maji na nyama.

Tuchukue mfano wa hesabu tu, wala si bei ya soko. Bei ikiwa shilingi 4,000 kwa kilo ya mnyama hai, na mnyama akiwa amekunywa lita 30 za kumjaza, mnunuzi amelipa shilingi 120,000 kwa maji. Akipakia ng'ombe 20 wa namna hiyo kwenye lori, amelipa shilingi 2,400,000 kwa kitu kitakachomwagika njiani kabla hajafika mnada wa Pugu, Dar es Salaam. Juu ya hapo, safari ndefu yenyewe hupunguza uzito wa mnyama kwa asilimia tano hadi kumi hata kama hakuna aliyemdanganya mwenzake. Na kwa mnyama wa kienyeji, nyama inayotundikwa buchani ni karibu nusu tu ya uzito aliokuwa nao akiwa hai.

Anayenunua kwa kukadiria kwa macho, kama inavyofanyika bado katika minada mingi ya awali, hayuko salama zaidi. Tumbo lililojaa hudanganya jicho kuliko mzani. Wazoefu hawaangalii tumbo. Huangalia nyonga, uti wa mgongo na shina la mkia. Ubavu wa kushoto ukiwa umetuna kama ngoma huku mifupa ya nyonga imechomoza, huyo ni mnyama mwembamba aliyebeba ndoo za maji. Kama huna haraka, subiri: mnyama aliyesimama uwanjani tangu alfajiri bila kunywa huonyesha umbo lake halisi ifikapo saa nne.

Lipo na jambo jema. Ng'ombe waliotoka kwenye uwanda wa chumvi, wakiwekwa zizini kunenepeshwa kwa mashudu ya alizeti na pumba, hawana uroho wa chumvi kama wale waliotoka kwenye nyanda zisizo nayo. Mtu wa kunenepesha anaweza kuokoa gharama kidogo kwenye mawe ya madini ya siku za mwanzo, mradi asipunguze maji. Kwa sababu hiyo swali la "huyu alikuwa analishwa wapi?" linafaa kuulizwa mnadani mapema kama lile la umri wa meno.

Kwa anayenunua ardhi

Tangu barabara kuu inayopita Babati, kutoka Arusha hadi Dodoma na ile ya kwenda Singida, kuwekwa lami, wenye akiba ndogo wamekuwa wakitafuta ekari za kununua nje ya mji. Ardhi karibu na Nangara na katikati ya mji imepanda thamani, hivyo jicho linakwenda mbali zaidi, kwenye tambarare. Huko mgeni huonyeshwa eneo sawa kabisa, halina mawe, halina visiki, lina kijani hata Septemba. Bei ni ya chini ukilinganisha na udongo mwekundu wa mlimani. Dalali husema ni la kulimia vitunguu au mpunga.

Kijani cha Septemba kwenye tambarare isiyo na mti ndicho kinachopaswa kumtia mnunuzi wasiwasi. Inama uangalie. Kama ni nyasi fupi zinazotambaa, zenye ncha kali, na katikati yake kuna mabaka matupu yenye ukoko mweupe au mweusi wa mafuta, ardhi hiyo imekwisha kusema inachofaa. Mimea hii haioti hapo kwa kupenda chumvi. Imeota kwa sababu washindani wake wote wameshindwa.

Takwimu za kilimo za kimataifa zinatoa picha iliyo wazi. Kipimo cha chumvi ya udongo hutolewa kwa desisiemensi kwa mita, na udongo ukifika 4 huhesabiwa kuwa wa chumvi. Maharage huanza kupoteza mavuno kipimo kikizidi 1. Mahindi huanza kwenye 1.7, mpunga kwenye 3. Maana yake ni kwamba kabla udongo haujapata hata jina la kuwa wa chumvi, mkulima wa maharage amekwisha kupata hasara.

Watu watauliza, mbona Magugu wanalima mpunga na mchele wake una jina sokoni? Ni kweli, na mpunga una bahati ya kusimama ndani ya maji yanayosukuma chumvi chini. Lakini unahitaji maji baridi ya mto yanayoingia na, jambo linalosahaulika zaidi, mfereji wa kuyatoa. Skimu ya umwagiliaji yenye mfereji wa kuingiza na isiyo na wa kutolea hutengeneza uwanda wa chumvi kwa mkono wa binadamu, polepole, msimu baada ya msimu. Na kwenye ukingo wa ziwa lisilo na mlango, hayo maji ya kutolewa yaende wapi? Pale ndipo chini kabisa.

Upo pia ubaya usioonekana kwa ladha. Udongo wa magadi wenye sodiamu nyingi unaweza kuwa na kipimo cha chumvi cha wastani huku pH yake ikizidi 8.5. Udongo wa namna hiyo hujiziba: mvua ikinyesha maji husimama juu kama kwenye sinia, jua likiwaka hupasuka na kuwa mgumu kama tofali. Dawa yake inajulikana, nayo ni jasi, inayochimbwa Makanya wilayani Same na pia Itigi. Lakini huhitajika tani kadhaa kwa hekta, ikifuatiwa na maji baridi mengi ya kuosha na mifereji ya kutolea. Weka nauli ya lori kutoka Same, zidisha kwa ekari zako, kisha linganisha na tofauti ya bei kati ya ardhi hiyo na ardhi nzuri. Aghalabu anayefanya hesabu hiyo kwa kalamu haendelei na ununuzi.

Wengine hutegemea mbolea ya Minjingu, kwa kuwa ipo jirani kabisa na Ziwa Manyara na imekuwa ikichimbwa tangu 1983. Fosfeti hiyo ni masalio ya vinyesi na mifupa ya ndege wa ziwa la kale, lililokuwa kubwa kuliko la sasa, na ni mali ya kujivunia. Ila fosfeti ghafi ya jiwe huyeyuka vizuri kwenye udongo wenye tindikali. Kwenye udongo wa magadi hukaa kama mchanga. Mbolea bora ya jirani haitamsaidia aliyenunua pembeni ya mgodi wenyewe. Mambo ya ardhi yana kejeli zake.

Kipimo cha maabara ndiyo bima rahisi kuliko zote. Kituo cha utafiti cha TARI Mlingano, mkoani Tanga, na Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, Morogoro, hupima udongo. Chukua sampuli mwishoni mwa kiangazi, chumvi ikiwa imepanda juu, tena kwa vina viwili, sentimeta 30 za kwanza na 30 zinazofuata. Omba wapime chumvi, pH na sodiamu. Muuzaji anayekataa usichimbe vishimo viwili kabla ya kulipa amekwisha kukupa majibu ya maabara bure.

Halafu kuna sheria. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inakataza shughuli za kudumu zinazoweza kudhuru mazingira ndani ya meta 60 kutoka ukingo wa ziwa, na ukingo wa maziwa haya huhama: yule aliyepima akiwa amesimama pakavu mwaka wa ukame anaweza kukuta vigingi vyake majini mwaka wa mvua nyingi. Chini ya Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999, halmashauri ya kijiji haina mamlaka ya kugawa ardhi bila idhini ya mkutano mkuu wa kijiji. Sehemu kubwa ya uwanda wa Burunge na Kwakuchinja ni mapito ya wanyamapori kati ya hifadhi za Tarangire na Manyara, na vijiji vya huko vimetenga maeneo chini ya jumuiya yao ya hifadhi. Karatasi yenye muhuri wa mwenyekiti peke yake haitoshi. Uliza mpango wa matumizi bora ya ardhi wa kijiji uone eneo hilo limeandikwa nini. Likiwa limeandikwa malisho, umeuziwa ugomvi.

Na ugomvi wa malisho katika mkoa huu una historia ndefu kuliko lami. Tangu mwishoni mwa miaka ya 1960 mashamba makubwa ya ngano, chini ya shirika la NAFCO na kwa msaada wa Kanada, yalichukua takriban hekta 40,000 za nyanda za Hanang. Ardhi ile haikuwa ya chumvi. Ilikuwa malisho mazuri ya masika ya Wabarabaig. Yalipokwenda, ng'ombe walilazimika kukaa muda mrefu zaidi kwenye malisho yaliyobaki, pamoja na yale yaliyokuwa yakipumzishwa, na kesi zikaenda mahakamani kwa miaka. Mzunguko wa malisho ni kama mkopo wa kupokezana: ukiondoa mmoja, waliobaki wote hulipa zaidi. Uwanda wa nyasi za chumvi ndio sehemu ya kiangazi ya mzunguko huo. Ukiupiga trekta, jembe hukata mkeka, chumvi ya chini hupanda na unyevu, mazao hufa mwaka wa kwanza au wa pili, na nyasi zenyewe huchukua miaka kurudi. Mwekezaji amepoteza fedha, mfugaji amepoteza wiki zake za akiba, na hakuna aliyepata.

Je, nyasi zenyewe zinauzika?

Swali hili huulizwa na vijana wenye simu, waliosikia habari za Dubai. Ni kweli kwamba tangu 1999 kipo huko kituo cha kimataifa cha kilimo cha ardhi ya chumvi, ICBA, kilichojaribu ndugu wa nyasi zetu, Sporobolus virginicus, pamoja na Distichlis ya Marekani, kwa kumwagilia maji ya chumvi na kulisha mifugo. Aina za Distichlis zimewahi kusajiliwa na kuuzwa kibiashara Marekani na Australia. Lakini wenzetu hao hulipa kwa sababu hawana njia nyingine: visima vyao vina chumvi na mbuzi na ngamia wanahitaji kula. Babati mkeka umejitandika wenyewe. Hakuna atakayenunua kinachoota bure nyuma ya boma lake.

Mwenye shauku ya biashara ya majani afadhali aangalie nyasi za Rhodes, ambazo asili yake ni Afrika hii hii, huvumilia chumvi ya wastani na hufungwa marobota yenye soko. Aina ya Boma Rhodes inafahamika vizuri kwa wafugaji wa Kenya. Hizo hupandwa kwenye ukanda wa kati, mahali ambapo nyasi za chumvi zinaishia na miti ya migunga inaanza, wala si kwenye ukoko mweupe.

Kazi moja ya malipo inaweza kuwepo, nayo ni kurudisha mkeka ulioharibiwa: kando ya malambo, kwenye kingo za barabara, na kwenye mashamba ya chumvi yaliyotelekezwa yanayorusha vumbi. Hapo hahitajiki mtu wa kuuza mbegu za pakiti. Mashina hukatwa vipande vyenye pingili tatu au nne, hufukiwa nusu kwenye udongo uliolowa mvua zikiwa zimeshika, na ng'ombe huzuiwa kuingia mpaka vipande vishikane.